Kulala Hotelini Karibu na Stesheni ya Kampala: Maneno ya Kuchukua na Maneno ya Kuacha

Karibu kila kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa wageni kina somo liitwalo "Hotelini". Mgeni anafika na sanduku lake, anauliza kama kuna nafasi, anatajiwa bei, anapewa ufunguo, na somo linakwisha. Sisi wenyewe katika idara yetu tumelifundisha somo hilo kwa miaka mingi, na tumewatahini nalo wanafunzi wengi. Jambo ambalo hatukuwa tumelifanya ni kulipeleka mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kila nyumba, tukaona linafaa kiasi gani.

Likizo ndefu iliyopita tulipata nafasi hiyo. Walimu wawili na wanafunzi tisa wanaojiandaa kufundisha Kiswahili kwa wageni tulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula hadi Kampala. Tulilala siku tatu katika hoteli ya bei ya kati upande wa Nsambya, katika Makindye, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Makala hii inaeleza tuliyojifunza: jinsi ya kupata chumba, jinsi ya kuuliza na kulipa, maneno yanayofanana na yanayopotosha, na neno moja la Kiswahili sanifu kabisa ambalo hatutalifundisha tena bila maelezo.

Stesheni iko wapi, na Makindye iko wapi?

Jiji la Kampala limegawanywa katika divisheni 5: Kati, Kawempe, Lubaga, Makindye na Nakawa. Stesheni ya reli iko bondeni, chini ya maduka na maofisi ya katikati ya jiji, na kiutawala ni ya Divisheni ya Kati. Lakini ukivuka njia ya reli kuelekea kusini unaanza kupanda kilima cha Nsambya, na hapo umekwisha kuingia Makindye. Divisheni hiyo ina mitaa mingi inayojulikana: Nsambya, Kibuli, Katwe, Kibuye, Kabalagala, Kansanga, kilima cha Makindye chenyewe, hadi Ggaba kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria.

Hoteli za bei ya kati za upande huu zina wateja wa aina yake. Wapo wasafiri waliokwepa kelele za katikati ya jiji. Wapo watu waliokuja kumwuguza ndugu katika Hospitali ya Nsambya, ambayo ilianzishwa na wamisionari mwaka 1903. Wapo pia wenye shughuli katika ubalozi wa Marekani, ulioko kwenye barabara ya Ggaba. Kwa hiyo mgeni hapaswi kudhani kwamba kila aliyeko mezani asubuhi ni mtalii. Huenda jirani yake amekesha wodini, na sauti ya chini ni adabu inayohitajika kabla ya msamiati wowote.

Ni vyema kueleza pia hali ya treni, maana wanafunzi wetu wawili walitarajia kuiona treni ya Nairobi. Haipo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi wasafiri wa Uganda walimalizia safari kwa meli ziwani. Njia ya moja kwa moja kupitia Tororo na daraja la Mto Naili huko Jinja ilifika Kampala mwaka 1931, kisha ikaendelea magharibi hadi Kasese mwaka 1956. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja nalo liligawanywa, na safari za abiria zikafifia hadi zikakoma. Mwezi Desemba 2015 treni ya abiria ilirejeshwa, lakini ni ya watu wa jijini na viungani, kati ya Kampala na Namanve upande wa mashariki. Tangu hapo huduma hiyo imekatizwa na kurejeshwa zaidi ya mara moja. Anayetaka kuipanda aulize ratiba stesheni siku moja kabla. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa hiyo hadithi ya stesheni hii haijakwisha.

Kiswahili kilifikaje kwenye kilima hiki?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuliichagua Makindye badala ya mtaa mwingine. Sababu ni kwamba taasisi nyingi zilizokitumia Kiswahili nchini Uganda ziko hapa, kila moja karibu na mwenzake.

Kwanza ni reli. Makazi ya wafanyakazi wa reli yalikuwa Nsambya, juu ya stesheni, na wafanyakazi hao walitoka pande zote za Afrika Mashariki. Pili ni polisi, ambao wana kambi yao Nsambya na chuo chao Kibuli. Tatu ni jeshi, lenye kambi kwenye kilima cha Makindye. Nne ni Uislamu. Msikiti mkubwa wa Kibuli unaonekana kutoka mbali, na dini hiyo ilifika Buganda katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani.

Hata hivyo, kuwapo kwa Kiswahili si sawa na kupendwa kwake. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda, na Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi mwaka 1929. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na jambo hilo likakifunga Kiswahili na utawala wake vichwani mwa watu wengi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulizijua tarehe hizi zote kabla ya kusafiri. Tulikuwa hatujui zinasikikaje kwa mtu aliyezaliwa Nsambya.

Neno "hoteli" na jamaa zake

Tuanze na jina lenyewe. Kwetu Tanzania, mtu akisema "twende hotelini tukale" hakuna anayefikiria kitanda. Kenya ni vivyo hivyo. Katika Kiganda neno hilo limekuwa wooteeri, na mtaani maana yake ya kwanza ni mahali pa kula. Mwanafunzi wetu mmoja alimwuliza mwendesha bodaboda "hoteli nzuri ya karibu", akapelekwa kwenye kibanda cha ndizi na mchuzi wa karanga. Chakula kilikuwa kizuri, lakini sanduku lilibaki mgongoni.

Kwa hiyo tunashauri mgeni aseme anachotaka kwa sentensi nzima: "Natafuta mahali pa kulala." Kisha ataje daraja. "Gesti" ya Dar es Salaam inaeleweka na wengi, lakini mara nyingi humpeleka mtu kwenye vyumba vya bei ya chini kabisa. Hoteli ya bei ya kati ni ile yenye chumba chenye choo na bafu ndani (wengi huita "selfu"), maji ya moto, chandarua, chakula cha asubuhi ndani ya bei, na mtu wa mapokezi usiku kucha. Haina bwawa la kuogelea wala wapagazi waliovaa sare, na bei yake haiwatishi walimu.

Mapokezini

Mazungumzo ya kitabuni huishia kwenye ufunguo. Mazungumzo ya kweli yana maswali yanayookoa fedha na usingizi. Tunayaandika hapa kama tulivyoyatumia, baada ya kuyarekebisha:

Mgeni: Habari za leo, mama. Poleni na kazi.
Mhudumu: Nzuri. Karibuni.
Mgeni: Asante. Tunaomba kujua kama mna vyumba vya watu wawili wawili, vitanda mbalimbali.
Mhudumu: Vipo.
Mgeni: Bei yake ni kwa chumba au kwa kila mtu? Na ni pamoja na kodi?
Mhudumu: Kwa chumba. Kodi imo.
Mgeni: Chakula cha asubuhi kimo pia?
Mhudumu: Kimo, kuanzia saa moja.
Mgeni: Tunaweza kuviona vyumba kwanza?

Swali la kodi si la bure. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18, na bei inayotajwa bila kodi inaweza kumshtua mgeni siku ya kuondoka. Aulize pia kama bei ni ya shilingi au ya dola, na kama ni dola, zitabadilishwa kwa kiwango gani. Kuomba kuona chumba kabla ya kulipa ni jambo la kawaida na halimwudhi mtu. Ukiwa humo fungua bomba, washa taa, tazama chandarua kama kina tundu, na sikiliza. Chumba kinachotazama barabara ya Ggaba si sawa na kinachotazama uani, hasa Ijumaa na Jumamosi usiku, maana muziki wa Kabalagala husafiri mbali.

Kuhusu saa, wanafunzi walipata faraja kubwa. Waganda huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo: ssaawa bbiri ez'oku makya ni saa mbili asubuhi. Lakini mhudumu akibadili lugha kwenda Kiingereza, hubadili na saa. "Ten" ya kurudisha ufunguo ni saa nne, wala si saa kumi. Tulimwona mgeni mmoja asiye wa kundi letu akibishana juu ya jambo hilo na sanduku likiwa bado halijafungwa. Dawa yake ni kuuliza kwa namna mbili: "Saa nne asubuhi, kabla ya mchana, sivyo?"

Mlangoni kuna ukaguzi wa mizigo, na mgeni asione kwamba anatuhumiwa. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na sehemu mojawapo ilikuwa mkahawa ulioko Kabalagala, hapa hapa Makindye. Askari wa mlangoni anafanya kazi iliyotokana na usiku ule. Msalimu, mfungulie begi, mshukuru.

Jambo moja tuliliandika vibaya katika madaftari yetu siku hiyo ya kwanza. Mama wa mapokezi, mtu mzima wa makamo, alitujibu maneno machache tu ya Kiswahili, kisha kila tulipoendelea kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Tukaandika: "Hajui Kiswahili isipokuwa salamu."

Chumbani na mezani

Kwa mwanafunzi wa lugha, chumba cha hoteli mjini Kampala ni kamusi iliyotandikwa. Kiganda kimepokea maneno mengi kupitia Kiswahili, na mengi yao ni ya vitu vya nyumbani. Tuliwapa wanafunzi zoezi la kukaa chumbani na kuorodhesha vitu wanavyoviona, kisha kumwomba mhudumu wa vyumba awatajie kwa Kiganda. Orodha yao ilikuwa na haya:

meza – emmeeza
dirisha – eddirisa
shuka – essuuka
sabuni – ssabbuuni
taulo – ttawulo
pasi – ppaasi
sahani – essowaani
chai – caayi
sukari – sukaali
kitanda – ekitanda

Mhudumu, kijana wa kike, alicheka sana alipoona kwamba "wageni" wanajua nusu ya lugha yake bila kujijua. Kuanzia hapo alitujia na maneno mapya kila alipoleta maji. Zoezi hili halina gharama, nasi tunalipendekeza kwa mwalimu yeyote.

Yapo pia maneno yanayopotosha. Neno "gari" limeingia Kiganda kama eggaali, lakini eggaali peke yake ni baiskeli. Treni ni eggaali y'omukka, yaani gari la moshi neno kwa neno. "Teksi" mjini Kampala ni basi dogo la abiria 14, lile tunaloliita daladala. Gari la kukodi peke yako huitwa "speshali". Mwanafunzi aliyeomba aitiwe teksi ya kwenda stesheni na mabegi matatu alionyeshwa kituo cha barabarani kwa upole.

Mezani tulikutana na katogo, chakula cha asubuhi cha ndizi zilizopikwa pamoja na nyama za ndani au maharage. Ndizi zenyewe huitwa matooke. Chai ikiitishwa tu, huja ya maziwa yaliyochemshwa pamoja na majani. Anayetaka ile tunayoiita chai ya rangi aombe chai isiyo na maziwa. Waganda huiita "kavu" katika lugha yao, na mgeni wa kutoka pwani akisikia "chai kavu" anaweza kudhani ni chai isiyo na kitafunio.

Aidha, asishangae mhudumu wa kike akipiga magoti anapomsalimu au anapomletea chakula. Ni desturi ya Kiganda ya kumheshimu mtu, na katika mazingira hayo hudumu hata hotelini. Jibu lake si kumwinua kwa haraka wala kucheka, bali kuitikia salamu yake kikamilifu. Wanafunzi wetu walijifunza kusema webale nnyabo kwa mwanamke na webale ssebo kwa mwanamume, wakimaanisha asante. Walijifunza pia gyebaleko, pongezi ya kazi inayokaribiana sana na "pole na kazi" yetu. "Shikamoo" haikuwa na makali yoyote huko. Wengi waliisikia kama neno la ajabu kidogo, wakatabasamu.

Neno ambalo hatukuliandaa

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa tumekodi gari la kutupeleka stesheni na baadaye Makerere. Gari lilipofika, mwanafunzi wetu mmoja, kijana mchangamfu, alisimama katikati ya ukumbi akawaita wenzake waliokuwa bado wanakunywa chai. Akapaza sauti: "Haya jamani, pandeni gari! Pandeni gari!"

Mama wa mapokezi alikuwa akihesabu funguo. Aliziacha mezani, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Sisi hatukuelewa. Dereva ndiye aliyetuvuta kando akatuambia kwa sauti ya chini kwamba neno hilo halipigiwi kelele hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, kulikuwa na operesheni za askari mjini Kampala na nje yake ambazo watu waliziita kwa jina hilohilo: Panda Gari. Askari walizingira mtaa, wakawakamata watu, hasa vijana wa kiume, wakawapakia kwenye malori kwa amri hiyo ya maneno mawili, wakawapeleka kambini kuchujwa. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi.

Safari ya Makerere iliahirishwa kwa saa moja. Mwalimu mmoja wetu na yule kijana walikwenda kubisha hodi chumba cha nyuma. Mama alikuwa amekwisha kujifuta uso. Kijana akaanza: "Mama, naomba unisamehe, sikujua." Naye akajibu, kwa Kiswahili ambacho tulikuwa tumeandika kwamba hakijui, chepesi na kilichonyooka kuliko cha baadhi ya wanafunzi wetu:

"Mwanangu, hukukosea. Wewe ulikuwa unaita wenzako. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Hapa Nsambya tulikaa na watu wa kila kabila, na Kiswahili ndicho tulichoombea chumvi kwa jirani. Nilikipenda. Halafu asubuhi moja nikakisikia mlangoni, neno lile. Kaka yangu akapanda. Tulimngoja." Akanyamaza kidogo. "Siku nyingine sema 'twendeni'. Twendeni ni neno zuri."

Alitoka, akaendelea na funguo zake. Alipotuaga siku iliyofuata alituaga kwa Kiswahili.

Tumejifunza nini?

Tumelijadili tukio hili idarani mara kadhaa tangu tuliporudi, na tunaona lina mambo matatu ya kuwapa walimu wenzetu.

La kwanza ni la utafiti. Tulidhani mtu asiyetujibu kwa Kiswahili hakijui. Nchini Uganda dhana hiyo haina msingi. Wapo wasiokijua, ni kweli, lakini wapo wanaokijua vizuri na hawataki kukitoa mdomoni mbele ya mtu wasiyemwamini. Mwanafunzi anayekwenda kukusanya data aandike alichosikia: "alijibu kwa Kiingereza". Asiandike "hajui".

La pili ni la sarufi. Masomo yetu mengi huanza na hali ya kuamrisha kwa sababu ni nyepesi: leta, fungua, panda, kaa. Mwanafunzi wa wiki ya pili anaweza kuagiza chai kwa neno moja. Kwa msemaji wa Dar es Salaam au Unguja, sauti na uso hulainisha amri hiyo, na aghalabu hatuitumii kabisa kwa mtu mzima tusiyemjua. Lakini kwa watu waliokisikia Kiswahili zaidi kutoka kwa askari kizuizini, amri ndiyo iliyokuwa lugha yenyewe. Hawajapata bado sababu ya kuamini kwamba lugha hii inajua kuomba. Kwa hiyo tumebadili mpangilio wa somo letu. Sasa "naomba" inafundishwa kabla ya "leta", na hali ya dhamiri tegemezi inakuja mapema: naomba uniletee maji, tafadhali unisaidie mzigo huu. Amri inabaki, lakini inakuja baadaye, pamoja na maelezo ya nani humwamuru nani.

Tunaongeza hapa ushauri wa mama wa Nsambya, ambao ni ushauri mzuri wa sarufi pia. Katika "pandeni" msemaji amesimama nje, akiwatuma wengine. Katika "twendeni" yumo pamoja nao. Tumewahi kuzifundisha kama maumbo mawili tu katika jedwali.

La tatu ni la usahihishaji. Kiswahili tulichokisikia mitaani Makindye hakifuati upatanisho wote wa ngeli. Tulisikia "kitanda yangu" na "gari yake" mara nyingi, kama inavyosikika pia sehemu nyingi za bara la Kenya. Mwanafunzi mmoja alimsahihisha mlinzi wa mlangoni kwa nia njema, na mlinzi akanyamaza, akarudi kwenye Kiingereza siku zote zilizobaki. Mgeni aliyelala kwa mtu hasahihishi lugha ya mwenyeji. Yeye aseme vizuri, na atakayependa kuiga ataiga.

Zoezi kwa madarasa

Tunapendekeza mwalimu agawe darasa katika makundi mawili. Kundi la kwanza liandike upya mazungumzo ya "Hotelini" bila kutumia amri hata moja, kuanzia mlangoni kwa askari hadi siku ya kuondoka. Kundi la pili lichukue mazungumzo yaliyomo kitabuni lisome kwa sauti, na kila amri inapotokea darasa lijadili: je, mhudumu wa Dar es Salaam angeisikiaje, na mhudumu wa Kampala mwenye umri wa miaka 55 angeisikiaje? Mwishoni makundi yabadilishane kazi.

Kwa wanafunzi watakaosafiri wenyewe, tunakumbusha kwa ufupi: chagua chumba cha uani, uliza kodi na chakula cha asubuhi, hakikisha saa kwa namna mbili, kodi speshali ukiwa na mizigo, na ulizia ratiba ya treni stesheni siku moja kabla. Jifunze salamu tano za Kiganda kabla ya kufungua mdomo kwa Kiswahili. Tuliona kwamba aliyesalimiwa kwa lugha yake kwanza alikuwa mwepesi zaidi kutusikiliza kwa lugha yetu.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi waliowahi kulala Makindye, au karibu na stesheni nyingine yoyote ya Afrika Mashariki, watuletee orodha zao za maneno yanayofanana na yanayopotosha. Tutazichapisha katika toleo lijalo pamoja na mazungumzo mapya ya "Hotelini" yatakayoandikwa na darasa la mwaka huu.